Malipo ya Zamu na Mabadiliko ya Saa za Kazi: Nini Anachostahili Mfanyakazi wa Usiku

Katika kila kata wapo watu ambao kazi yao huanza wengine wanapofunga milango. Mlinzi wa ghala la mazao, mhudumu wa kituo cha mafuta, muuguzi wa zahanati binafsi, mhudumu wa nyumba ya wageni, mwoka mikate anayewasha tanuri saa 8 usiku ili mkate ufike dukani kabla ya jua kuchomoza: hao wote hutumia saa ambazo mwili wa binadamu umezoea kulala. Wakiulizwa malipo ya saa hizo yakoje, wengi hujibu kwa neno moja, posho. Ama posho ipo, ama haipo. Neno hilo limeleta hasara kubwa, kwa sababu limeifanya haki ionekane kama hisani ya mwajiri, na limezichanganya haki tatu tofauti kana kwamba ni moja.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inazitenganisha haki hizo. Kuna nyongeza ya kazi ya usiku. Kuna malipo ya muda wa ziada. Kuna malipo ya kazi iliyofanywa siku ya mapumziko au siku ya sikukuu. Kila moja ina kipimo chake, na kulipwa moja hakuondoi nyingine. Sheria hiyo inawahusu wafanyakazi wa Tanzania Bara wa sekta binafsi na wa umma, isipokuwa askari wa Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Sehemu ya saa za kazi haiwahusu mameneja wanaosimamia wenzao na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Msimamizi wa zamu ambaye naye anakesha getini, hata akiitwa "bosi", haingii katika kundi hilo kwa sababu tu ya jina la cheo.

Usiku wa kisheria

Kwa mujibu wa kifungu cha 20, usiku ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Ni saa kumi kamili. Hapa pana mtego mdogo unaostahili kutajwa. Maandishi ya Kiingereza ya sheria, na ratiba nyingi zinazochapwa kwa kompyuta, hutumia mtindo wa saa 24, ambamo usiku huanza saa ya 20 na kuisha saa ya 6. Msomaji aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiswahili akiona tarakimu 6 anaweza kudhani kuwa usiku wa kisheria unakoma saa 6 usiku. Akikubali hesabu hiyo, amepoteza saa sita kila zamu.

Kwa kila saa iliyofanyiwa kazi ndani ya muda huo, mwajiri anatakiwa kumlipa mfanyakazi nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wake wa msingi wa saa moja. Kama saa hiyo ya usiku ni ya muda wa ziada, asilimia 5 inahesabiwa juu ya kiwango cha muda wa ziada. Ikumbukwe pia kuwa mshahara wa msingi, kwa tafsiri ya sheria yenyewe, haujumuishi posho, malipo ya muda wa ziada wala nyongeza ya usiku. Kwa hiyo kauli inayosikika mara kwa mara, kwamba "mshahara wako tumeshaweka na usiku humo humo", inamtaka msemaji aonyeshe kwenye maandishi ni kiasi gani kilichowekwa na kwa saa ngapi.

Kupata mshahara wa saa moja si kazi ngumu. Mshahara wa msingi wa mwezi unagawanywa kwa 4.333, ambayo ndiyo idadi ya wiki katika mwezi inayotumiwa na jedwali la sheria, kisha jibu linagawanywa kwa saa za kawaida za kazi kwa wiki. Saa za kawaida haziwezi kuzidi 45 kwa wiki, yaani siku zisizozidi sita na saa zisizozidi tisa kwa siku. Mkataba ukitaja saa pungufu, kwa mfano 40, hesabu inafuata hizo 40.

Mfano wa mlinzi

Tuchukue mlinzi anayelipwa mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 kwa mwezi. Kiasi hiki kimechaguliwa kwa wepesi wa hesabu tu, si kima cha chini kilichotangazwa. Kwa saa 45 za wiki, saa yake moja ya kawaida ina thamani ya takriban shilingi 2,000. Nyongeza ya saa moja ya usiku ni shilingi 100. Saa ya muda wa ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu, hivyo ni shilingi 3,000. Saa ya ziada iliyoangukia usiku ni shilingi 3,000 pamoja na asilimia 5 yake, yaani shilingi 3,150.

Mlinzi huyu anaingia lindoni saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, usiku sita kwa wiki, kama ilivyo desturi katika malindo mengi. Kwa wiki moja amefanya kazi saa 72. Usiku wa kwanza hadi wa tano, saa tisa za mwanzo ni za kawaida, jumla 45, na tatu za mwisho ni za ziada. Usiku wa sita, saa zote 12 ni za ziada, kwa kuwa 45 zimekwisha. Muda wake wa ziada ni saa 27, ambazo kwa shilingi 3,000 zinafika 81,000.

Sasa nyongeza ya usiku. Katika saa zake za kawaida, 35 ziko baada ya saa 2 usiku, nazo zinampa shilingi 3,500. Katika saa za ziada, 25 ziko ndani ya usiku wa kisheria, na kila moja inaongeza shilingi 150, jumla 3,750. Nyongeza yote ya usiku kwa wiki ni shilingi 7,250.

Kwa wiki nne, nyongeza ya usiku inafika shilingi 29,000 na muda wa ziada unafika shilingi 324,000. Tofauti hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Mwajiri akimpa mlinzi huyu "posho ya usiku" ya shilingi 30,000 mwisho wa wiki ya nne, mlinzi atashukuru, na kwa upande wa usiku kweli amelipwa. Lakini deni kubwa, linalokaribia mshahara wake wote wa mwezi, halijaguswa wala kutajwa. Ndiyo maana madai mengi ya wafanyakazi wa zamu huanza vibaya: watu hugombania asilimia 5 na kuyasahau mara moja na nusu.

Fedha haifuti mpaka wa saa

Hata hivyo mwajiri akilipa shilingi zote hizo, ratiba ya mlinzi wetu bado inavunja sheria. Kifungu cha 19 kinakataza zaidi ya saa 50 za ziada katika mzunguko wa wiki nne. Mlinzi huyu amefanya 108. Kifungu hicho hicho kinakataza kazi ya zaidi ya saa 12 katika siku moja, na kinataka muda wa ziada ufanyike kwa makubaliano, si kwa amri. Isipokuwa dharura ambayo haiwezi kushughulikiwa ndani ya saa za kawaida, mipaka hii haiuzwi. Wala mwajiri hawezi kusema kwamba, kwa kuwa saa zilizozidi 50 zimekatazwa, basi hazina malipo. Sheria inataka kila saa ya ziada iliyofanyiwa kazi ilipwe.

Kwa waajiri, na hapa anahusika pia mkazi anayeweka mlinzi nyumbani kwake au wafanyabiashara wanaochanga kulinda mtaa mmoja wa maduka, suala hili kwa kweli ni la idadi ya watu. Wiki ina saa 168. Lindo la mchana na usiku likigawanywa kwa walinzi wawili, kila mmoja anabeba saa 84, jambo lisilowezekana kihalali. Likigawanywa kwa watatu, kila mmoja anabeba saa 56, yaani saa 11 za ziada kwa wiki na 44 kwa wiki nne, ambazo ziko chini ya kikomo. Likigawanywa kwa wanne, kila mmoja ana saa 42 na hakuna muda wa ziada wa kulipia isipokuwa zamu yenyewe imezidi saa tisa bila makubaliano ya maandishi. Lindo la usiku pekee, la saa 12, linatosha watu wawili wanaopokezana. Mwajiri akipiga hesabu ya mlinzi wa tatu dhidi ya muda wa ziada anaopaswa kuwalipa wawili, mara nyingi atakuta kumwajiri mtu mwingine hakumgharimu kama alivyodhani.

Yapo makubaliano halali yanayobadili hesabu hizi. La kwanza ni wiki ya kazi iliyofupishwa: kwa makubaliano ya maandishi, mfanyakazi anaweza kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku, muda wa chakula ukiwa ndani yake, bila malipo ya ziada, ilimradi asizidi siku tano na saa 45 kwa wiki, na muda wa ziada usizidi saa 10 kwa wiki. La pili ni la kusawazisha saa kwa kipindi kirefu. Hili linahitaji mkataba wa hali bora uliofungwa na chama cha wafanyakazi, wala si karatasi ya mtu mmoja mmoja. Linafaa kazi za msimu, kama viwanda vya kuchambua pamba vya Kanda ya Ziwa au viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa, ambako miezi ya mavuno ina kazi usiku na mchana na miezi mingine ina utulivu. Wastani wa saa za kawaida katika kipindi chote hauruhusiwi kuzidi 40 kwa wiki, wastani wa muda wa ziada usizidi saa 10, na kipindi kisivuke mwaka mmoja. Mwajiri asiye na maandishi yoyote kati ya haya anabaki kwenye kanuni ya kawaida.

Mapumziko, na mwenzako anayechelewa

Anayefanya kazi kwa zaidi ya saa tano mfululizo anastahili mapumziko ya angalau dakika 60. Mapumziko hayo si lazima yalipwe, lakini kama mfanyakazi anatakiwa kuendelea na kazi au kukaa tayari, saa hiyo ni ya kazi. Mlinzi anayekula ugali wake huku ameshika funguo za geti hajapumzika. Ndiyo sababu katika mfano wa juu saa zote 12 zimehesabiwa.

Kati ya zamu moja na inayofuata panatakiwa saa 12 mfululizo za mapumziko. Kwa mtu wa zamu ya saa 12, hapo hakuna hata dakika moja ya ziada. Mwenzake akichelewa kumpokea kwa saa moja, amevuka kikomo cha saa 12 za siku, na akirudi jioni kwa wakati uleule mapumziko yake yamekuwa saa 11. Katika malindo mengi jambo hili huachwa kama suala la kiungwana kati ya walinzi wawili, "leo wewe, kesho mimi". Ukweli ni kwamba kupanga nani ampokee nani ni kazi ya mwajiri, na saa iliyozidi ni saa ya ziada inayodaiwa kwake, si kwa aliyechelewa. Mapumziko ya siku yanaweza kushushwa hadi saa nane kwa makubaliano ya maandishi, lakini tu pale ambapo mfanyakazi anaishi katika eneo la kazi au siku yake ya kazi ina mwanya wa angalau saa tatu katikati.

Kila wiki panatakiwa pia saa 24 mfululizo za mapumziko. Anayekubali kufanya kazi katika saa hizo hulipwa mara mbili ya mshahara wa msingi kwa kila saa, na kiwango hicho hicho ndicho cha sikukuu za kitaifa, kama Mapinduzi, Saba Saba, Nane Nane au siku ya Uhuru. Kwa mlinzi wetu, saa moja ya sikukuu ni shilingi 4,000.

Ratiba inapobadilishwa

Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, yakitaja pamoja na mambo mengine saa za kazi na malipo. Asiyeelewa maandishi anatakiwa kufafanuliwa kwa namna atakayoelewa. Yaliyomo yakibadilika, mwajiri anapaswa kushauriana na mfanyakazi, kurekebisha maelezo hayo na kumjulisha kwa maandishi.

Lililo muhimu, basi, ni kile mkataba ulichosema mwanzoni. Ukisema kazi ni ya zamu za kupokezana, kuhamishwa kutoka mchana kwenda usiku kwa mujibu wa ratiba ni utekelezaji wa mkataba. Ukisema kazi ni kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, kumpeleka mfanyakazi zamu ya usiku ni kubadili masharti, na ujumbe wa simu unaofika saa 3 usiku, "kesho unaingia usiku", hauwezi kuitwa mashauriano. Mfanyakazi naye asikimbilie kugoma kuingia kazini, kwani utoro humpa mwajiri hoja nyingine kabisa. Ni salama zaidi kuandika barua fupi siku hiyo hiyo kwamba hakushauriwa na hajakubali, na kubaki na nakala iliyopokelewa.

Wapo ambao hawaruhusiwi kupangiwa usiku hata wakikubali. Mtoto wa chini ya miaka 18 ni mmoja wao, na jambo hili liwaguse wenye migahawa na nyumba za wageni wanaotumia vijana wa likizo. Mjamzito hapangiwi usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, au mapema zaidi akileta cheti cha daktari. Mama aliyejifungua hapangiwi katika miezi miwili inayofuata, isipokuwa yeye mwenyewe aombe na cheti kithibitishe kwamba afya yake na ya mtoto haitadhurika. Aliyethibitishwa na daktari kuwa hafai kwa kazi ya usiku anatakiwa kuhamishiwa mchana, isipokuwa pale isipowezekana kabisa. Masharti haya si ya huruma tu. Mwaka 2007 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani, na mwaka 2019 ikathibitisha uainishaji huo.

Anayeambiwa kuwa si mwajiriwa

Vijana wanaolinda mtaa kwa michango, au wahudumu wanaoitwa "vibarua" mwaka wa tatu mfululizo, huambiwa kwamba sheria hii haiwahusu. Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, inasema vingine. Mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya kadhaa yaliyotajwa: saa zake za kazi hupangwa na anayemlipa, au anamtegemea huyo kwa kipato, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mlinzi hutimiza saa hizo 45 kwa usiku nne tu.

Kumbukumbu na mahali pa kupeleka dai

Madai ya saa husimama juu ya kumbukumbu. Daftari la shilingi mia chache linatosha, ikiwa kila siku linaandikwa tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, jina la aliyepokea zamu na kama siku hiyo ilikuwa sikukuu. Ratiba iliyobandikwa ukutani ipigwe picha kabla haijabadilishwa. Hati ya mshahara itunzwe kila mwezi. Mwajiri anatakiwa kuitoa pamoja na malipo. Mgogoro ukifika mbele ya sheria na mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba au maelezo ya ajira, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa unakuwa wake.

Hatua ya kwanza ni barua kwa mwajiri ikiambatana na hesabu kama ile ya mfano. Penye tawi la chama cha wafanyakazi, kama TUICO viwandani na kwenye biashara, CHODAWU hotelini na majumbani, au TALGWU kwa watumishi wa halmashauri, barua hiyo iandaliwe pamoja nao. Watumishi wa umma watazame pia Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma na nyaraka za Serikali zinazoweka viwango vya posho ya muda wa ziada na ya kuwa tayari kuitwa. Afisa Kazi wa mkoa ana mamlaka ya kukagua mahali pa kazi na kutazama ratiba na kumbukumbu za malipo.

Ofisi ya Mtendaji wa Kata inaweza kumwelekeza mkazi, lakini Baraza la Kata halina mamlaka ya kuamua dai la mshahara. Dai hilo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayojulikana zaidi kama CMA, yenye ofisi mikoani, ambako kufungua shauri hakutozwi ada. Fomu ya CMA namba 1 hujazwa, nakala hupelekwa kwa mwajiri, kisha usuluhishi hufanyika ndani ya siku 30, na ukishindikana shauri huenda kwenye uamuzi. Muda wa kufungua dai la malipo ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Kwa anayepinga kuachishwa kazi ni siku 30. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini atalazimika kueleza sababu ya msingi kwa kila siku iliyopita, na "nilikuwa nasubiri mwaka uishe" haijawa sababu ya msingi.